Upande wa Tatu: Lugha ya Pembetatu Mraba kati ya Darasa na Msingi wa Nyumba, Kamenu

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia jinsi Kiswahili kinavyoweza kutumiwa kueleza utafutaji wa urefu wa pande za pembetatu mraba. Mifano imetolewa katika kazi ya ujenzi na upimaji wa ploti katika eneo la Kamenu, Thika. Inaonyeshwa kwamba kanuni hiyo, ambayo mwanafunzi wa Kenya huisoma kwa Kiingereza, hutumiwa kila siku kwa Kiswahili na watu ambao pengine hawajui jina lake. Aidha, baadhi ya istilahi zinajadiliwa, hasa zile ambazo uundaji wake unamtatiza msikilizaji.

Utangulizi

Kamenu ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Thika Mjini, katika kaunti ya Kiambu. Thika yenyewe iko umbali wa kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa Nairobi, na tangu barabara kuu inayoiunganisha miji hiyo miwili ilipokamilishwa kupanuliwa mnamo 2012, ujenzi katika vitongoji vyake haujapoa. Mashamba yamegawanywa ploti. Malori ya mawe ya Ndarugo hupita asubuhi, na katika kila kipande cha ardhi kilichochimbwa huonekana mambo zimepigwa ardhini na nyuzi zimevutwa kutoka mambo moja hadi nyingine.

Nyuzi hizo ndizo kiini cha makala haya. Fundi anapozivuta, huwa anatatua swali lile lile ambalo mwanafunzi hulikuta katika kitabu chake cha hisabati: pande mbili za pembetatu mraba zikijulikana, upande wa tatu una urefu gani? Tofauti ni kwamba mwanafunzi akikosea hupoteza alama moja, ilhali fundi akikosea nyumba husimama imepinda kwa miaka hamsini.

Tofauti ya pili ni ya lugha, na ndiyo inayomhusu msomaji wa jarida hili. Nchini Kenya hisabati ya shule ya upili hufunzwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, kwa upande mwingine, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, na hivyo watoto wengi wamelisoma somo la pembetatu kwa Kiswahili kabla ya kukutana na Kiingereza katika sekondari. Kwa hivyo istilahi zipo. Hazijasafiri vya kutosha, na hilo linaonekana wazi mtu aliyehitimu chuo kikuu anaposimama katika ploti yake Kamenu na kushindwa kumwambia fundi, kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, ni kitu gani anachotaka kipimwe.

Kanuni yenyewe

Pembetatu mraba ni pembetatu yenye pembe moja ya nyuzi 90. Pembe hiyo huitwa pembe mraba. Pande mbili zinazokutana katika pembe mraba zinaweza kuitwa kitako na kimo, ingawa majina haya hutegemea pembetatu imelazwa vipi. Upande wa tatu, ambao unaikabili pembe mraba na ambao sikuzote ndio mrefu zaidi, huitwa hipotenusi. Neno hili ni utohozi. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake katika lugha hiyo ni ule uliovutwa chini ya kitu, yaani mstari uliovutwa chini ya pembe.

Kanuni yasema hivi: ukichora mraba juu ya kila upande wa pembetatu mraba, eneo la mraba wa hipotenusi ni sawa na jumla ya maeneo ya miraba ya pande zile mbili nyingine. Kwa tarakimu, kitako kikiwa 3 na kimo kikiwa 4, basi 9 na 16 ni 25, na hipotenusi ni 5.

Kwa nini iwe hivyo? Vitabu vingi vya shule hutoa kanuni na kupita, jambo ambalo ni la kusikitisha kwa sababu uthibitisho wake unaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, bila alama yoyote ya aljebra. Chukua vipande vinne vya kadibodi, vyote pembetatu mraba zilizo sawasawa. Chora mraba mkubwa ambao upande wake ni kitako na kimo vikiunganishwa. Sasa weka kipande kimoja katika kila pembe ya mraba huo mkubwa, hipotenusi zikitazama ndani. Katikati patabaki nafasi iliyokaa mshazari. Nayo ni mraba wa hipotenusi. Kisha vihamishe vipande hivyo hivyo vinne: viunganishe viwili viwili viwe mistatili miwili, na kila mstatili uusukume katika pembe yake, pembe moja mkabala na nyingine. Nafasi iliyobaki sasa ni miraba miwili, mmoja wa kitako na mmoja wa kimo. Mraba mkubwa haukubadilika wala vipande havikuongezeka. Basi nafasi tupu ya kwanza na nafasi tupu ya pili lazima ziwe sawa. Hapo hoja imekwisha.

Maelezo hayo yametumia maneno kama vile pembe, mraba, mstatili, mshazari na mkabala. Hakuna hata moja lililobuniwa na kamati kwa ajili ya hoja hii. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hisabati wangefaa kuanza kwa kuonyesha ni hatua gani katika uthibitisho huu iliyokwama.

Kanuni huitwa kwa jina la Pythagoras, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, lakini ni kongwe kuliko yeye. Kibao cha udongo cha Wababeli kijulikanacho kama Plimpton 322, ambacho kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina orodha ya namba za aina hii, nacho kiliandikwa takriban mwaka 1800 kabla ya Kristo. (Hadithi ya Wamisri waliotumia kamba yenye mafundo kumi na mawili kupata pembe mraba husimuliwa sana madarasani, ushahidi wake ni haba mno kuweza kutegemewa.)

Tatu, nne, tano

Fundi wa Kamenu haanzi kwa kuchora miraba. Hupiga mambo ya kwanza penye kona ya nyumba, akavuta uzi wa kwanza sambamba na mpaka wa ploti au barabara. Uzi wa pili huvutwa kwa makisio ya jicho kuelekea upande wa kina cha nyumba. Kutoka kwenye kona hupima futi 3 juu ya uzi mmoja na kutia alama. Hupima futi 4 juu ya uzi wa pili na kutia alama. Kisha msaidizi wake hushika ncha ya futikamba penye alama ya kwanza, naye fundi huusogeza uzi wa pili kushoto na kulia mpaka umbali baina ya alama mbili uwe futi 5 kamili. Hapo husema kona iko skwea.

Inafaa kutambua kwamba utaratibu huu haukutumia kanuni bali kinyume chake: ikiwa pande tatu zinatosheana kwa 3, 4 na 5, basi pembe iliyo kati ya mbili fupi haina budi kuwa mraba. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili. Kanuni humpa mtu urefu pale anapojua pembe. Kinyume chake humpa pembe pale anapojua urefu. Fundi anahitaji la pili kwanza, halafu la kwanza.

Kipimo kinachotumiwa si muhimu. Shibiri 3, 4 na 5 zitatoa pembe ile ile, na vivyo hivyo dhiraa au pima, maadamu kila upande umepimwa kwa mkono wa mtu mmoja. Lililo muhimu ni ukubwa wa pembetatu. Tuseme msaidizi amekosea kwa nusu inchi tu, akasoma futi 5 pale ambapo kwa hakika pana futi 5 na nusu inchi. Pembe itapanuka kwa takriban nyuzi 1. Ni kitu kidogo penye kona, lakini ukuta wa futi 32 unaoanzia hapo utakuwa umetoka katika njia yake kwa inchi 6 na zaidi ya nusu utakapofika mwisho. Kosa hilo hilo la nusu inchi likitendeka katika pembetatu ya 9, 12 na 15, ukuta ule utapotoka kwa inchi 2 na kidogo tu. Hii ndiyo sababu fundi mzoefu hupuuza 3, 4, 5 na kwenda 6, 8, 10 au zaidi, hata kama hajawahi kuulizwa kwa nini.

Baada ya kona nne kupatikana huja ukaguzi wa kona kwa kona. Hapa ndipo upande wa tatu unapotafutwa kwa maana kamili. Nyumba ya futi 24 kwa 32 ikatwe mshazari: 24 mara 24 ni 576, 32 mara 32 ni 1,024, jumla 1,600, na namba inayojizidisha yenyewe ikatoa 1,600 ni 40. Kona kwa kona lazima iwe futi 40, huku na huku. Ikiwa mshazari mmoja ni futi 39 na nusu, na kuta zote zina urefu unaotakiwa, basi mshazari wa pili utakuwa karibu futi 40 na nusu, na nyumba imelala upande kwa inchi 7 hivi. Msingi bado ni uzi tu. Kurekebisha ni kazi ya dakika kumi. Simiti ikishamwagwa, inchi hizo 7 zitaonekana kwanza katika vigae vya sakafu vinavyokatwa vipandevipande kando ya ukuta, halafu katika mabati yasiyokubali kulingana na ukingo wa paa.

Ploti ya hamsini kwa mia

Kuna jambo lililo zito zaidi kuliko vigae. Kipimo maarufu cha ploti katika sehemu hizi ni futi 50 kwa 100, eneo la futi mraba 5,000, ambazo ni takriban mita mraba 464.5. Katika hatimiliki, ambazo huandikwa kwa hekta, ingekuwa kama 0.0465. Mnunuzi huonyeshwa mawe manne ya mpaka, ambayo watu huyaita bikoni, hupima pande nne kwa futikamba, huona 50, 100, 50, 100, akaridhika.

Lakini pande nne peke yake haziwezi kulitambulisha umbo. Mlango wa mbao uliolegea misumari huweza kusukumwa ukalala upande bila ubao wowote kufupika; na kadiri unavyolala ndivyo nafasi iliyo ndani yake inavyopungua. Ploti nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa ni mstatili halisi, kona kwa kona ni kipeuo cha pili cha 12,500, yaani futi 111.8, au futi 111 na inchi 9 na nusu hivi. Tuseme mnunuzi amepima mshazari mmoja akapata futi 100 kamili. Pande zake zote bado ni 50 na 100. Hata hivyo eneo lake si 5,000 tena bali takriban 4,841. Futi mraba 159 zimetoweka. Hicho ni chumba kizima cha kulala, cha futi 12 kwa 13, ambacho amekilipia na hakipo.

Inapasa kuongezwa kwamba mishazari miwili kulingana pia hakutoshi ikiwa pande hazikupimwa, maana umbo lenye pande mbili tu zilizo sambamba na miguu iliyo sawa lina mishazari iliyo sawa na bado si mstatili. Ni salama zaidi kuchukua vipimo vyote sita: pande nne na mishazari miwili. Wala hesabu hii haichukui nafasi ya mpima ardhi aliyesajiliwa, ambaye ndiye anayeweza kuthibitisha bikoni ziko mahali zilipowekwa katika ramani. Kazi yake ni kumjulisha mnunuzi, kabla hajatoa pesa, kwamba ana sababu ya kumwita mpima huyo. Kona kwa kona ni kipimo cha dakika tano, na mtu yeyote mwenye futikamba ya futi 150 na kijana wa kumshikia ncha anaweza kukifanya.

Kipeo na kipeuo

Hapo juu imetumiwa istilahi kipeuo cha pili. Ni istilahi sahihi, nayo hutumiwa katika vitabu vya hisabati vya Tanzania. Kinyume chake ni kipeo cha pili, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe. 40 ndicho kipeuo cha pili cha 1,600, na kipeo cha pili cha 40 ni 1,600. Matendo haya mawili ni kinyume cha jingine kama kupanda na kushuka, ilhali majina yake yanatofautishwa na irabu moja tu. Katika maandishi hakuna tatizo. Katika darasa la wanafunzi sitini, au juu ya jukwaa la mbao huku mashine ya kuchanganya kokoto ikinguruma, tofauti hiyo haisikiki.

Waundaji istilahi wanatuzoeza kupima istilahi kwa ufupi, usahihi na upatanifu wa mfumo. Kipeo na kipeuo vinafaulu katika yote matatu. Kigezo kinachosahaulika ni kwamba istilahi hutamkwa, na maneno mawili yenye maana zinazopingana yangefaa yatengane kimatamshi kwa umbali wa kutosha. Mwalimu mwenye busara atatumia istilahi rasmi ubaoni, lakini kwa kinywa chake atasema “zidisha kwa yenyewe” na “tafuta namba inayojizidisha ikatoa hii”. Ni maneno mengi zaidi, ila hayakosewi.

Neno mraba nalo lina mzigo. Linataja umbo lenye pande nne sawa. Linataja pembe ya nyuzi 90. Linataja kipimo cha eneo. Mtu anaposema “mraba wa upande mrefu” anaweza kumaanisha umbo lililochorwa au namba iliyozidishwa. Katika kanuni hii kwa bahati njema maana zote mbili ni kweli kwa pamoja. Skwea ya mafundi ina utata wa namna hiyo hiyo, kwani imeuchukua pamoja na neno, na wachache hulalamika. 

Kupanda paa

Katika msingi pande mbili fupi hujulikana na mrefu hutafutwa. Katika paa mara nyingi mambo hugeuka. Nyumba yetu ya upana wa futi 24 ikiwa na kenchi inayoinuka futi 5 katikati, basi kitako cha pembetatu ni nusu ya upana, futi 12. 144 na 25 ni 169, na mbao ya mteremko ni futi 13. Ukiongeza futi 1 ya kuning'inia nje ya ukuta ili mvua isiulowanishe, fundi ataagiza mbao za futi 14.

Sasa tuseme zilizopatikana zina futi 13 tu na mwenye nyumba hataki kuupoteza ule ukingo wa futi 1. Hipotenusi inakuwa 12, nacho kitako kilikuwa 12. Kimo basi ni 144 kutoa 144, yaani sufuri: paa lingelala bapa kabisa. Mwanafunzi aliyezoea kujumlisha bila kufikiri angepata kipeuo cha pili cha 288 na kudai paa liinuke karibu futi 17. Hapa ndipo swali la lugha linaporudi. Mwanafunzi huyo ameikariri kanuni kama mlolongo wa herufi, na herufi haimwambii kwamba mbao ya mteremko haiwezi kuwa fupi kuliko kile kimo inachokifikia. Akiambiwa kwa Kiswahili kwamba hipotenusi ndiyo mrefu kuliko zote, na kwamba anayetafuta upande mfupi hutoa badala ya kujumlisha, atalikamata kosa kwa jicho kabla ya kulikamata kwa kalamu.

Mteremko wa paa hilo la kwanza, 5 kwa 12, ni takriban nyuzi 22.6. Namba hii hutoka katika tanjenti, ambayo ni upande mkabala ukigawanywa kwa upande jirani, na kwayo tunaingia katika trigonometria, ambapo upande mmoja na pembe moja hutosha. Istilahi zake zinahitaji makala yake peke yake. Moja tu itajwe. Wahindi waliuita mstari fulani wa duara jya, yaani uzi wa upinde. Waarabu walilichukua neno hilo kwa sauti yake, wakaliandika kwa konsonanti bila irabu kama ilivyo ada yao, na baadaye likasomwa jayb, ambalo katika Kiarabu ni nafasi ya vazi penye kifua. Watafsiri wa Ulaya wa karne ya 12 waliifasiri maana hiyo kwa Kilatini wakapata sinus. Kiswahili kikilitohoa kwa kufuata matamshi ya Kiingereza kitapata saini, neno ambalo tayari ni letu kwa maana ya sahihi ya mtu chini ya hati. Kikifuata umbo la Kilatini kitapata sini, ambalo halichanganyiki na hati yoyote. Kati ya haya mawili sini ndilo linalostahili, na walimu wa hisabati wa Kiswahili wangefanya vyema kulishikilia mapema kabla saini halijaota mizizi.